Maswali Ishirini na Matatu

Nyumbani walimwita Profesa, naye badala ya kuona haya alivimba kichwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, kwa hiyo dada yake, fundi cherehani, alipotaka kuanzisha darasa la ushonaji, fomu ya kujiandikisha aliachiwa yeye. Mwenye ukumbi alitoa sharti moja tu: wanafunzi kumi kufikia Ijumaa, la sivyo chumba anapewa mwingine.

Profesa akaweka maswali ishirini na matatu. Akataka nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Akauliza hata kiwango cha elimu, kana kwamba sindano huomba cheti. Hadi Jumatano walikuwa wamejiandikisha watu watatu.

"Watu wavivu," akasema. "Anayeshindwa na fomu ataiweza cherehani?"

Dada yake akaacha kukata kitambaa. "Hebu ijaze wewe nikuone, mdogo wangu."

Profesa akakaa, mabega juu. Nywila ya kwanza ikakataliwa, ya pili vilevile. Akabonyeza kurudi nyuma, majibu yote yakafutika. Alipofika kwenye "Malengo yako ya miaka mitano" jasho lilikuwa linamtoka. Akaandika "kkkk", akasonga mbele.

"Mbona unadanganya?"

"Ili ipite."

Wakafungua majibu ya wale watatu. Wa kwanza alizaliwa mwaka huu, wa pili malengo yake yalikuwa "basi", na namba za simu za wote zilikuwa sifuri tupu. Profesa akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaanza kufuta, na kila swali lilimuuma kama jino, maana kila moja alikuwa amelitungia sababu. Yakabaki mawili: jina na simu.

Wale watatu wa uongo akawafuta pia. Alhamisi wakapatikana sita wa kweli. Ijumaa saa tano asubuhi, kwenye skrini, tisa ikageuka kumi, na papo hapo simu ya dada ikaita. Dada, pini mdomoni, akamwashiria apokee.

"Naulizia darasa," ikasema sauti ya mama mtu mzima. "Nimehangaika na ile fomu tangu Jumatatu, ndiyo imenikubali sasa hivi. Nilishasema basi, akili yangu imezeeka."

Profesa akaiacha skrini. "Hapana, mama. Akili yako ni nzima. Ile fomu niliitengeneza mimi."

"Pole, mwanangu," akasema mama kwa huruma ya kweli. "Kumbe ndiyo kwanza unajifunza?"

"Ndiyo, mama," akajibu Profesa.