Bibi Harusi Harudi Nyuma

Mwezi wa pili wa mwaka 1975 tairi zilikuwa adimu hata Mbeya mjini, kwa hiyo Malimi alipopata mbili kuukuu za gari la wajenzi wa barabara hakuuliza kipimo. Alizifunga nyuma ya Landrova ya baba yake, Mzee Bartolomeo. Zilikuwa kubwa kuliko za mbele. Gari likainua matako kama fahali, na vijana wa Usangu wakamsifu. Hilo ndilo alilotaka.

Asukile, fundi wa Igawa, alimweleza wazi. Tairi kubwa ikizunguka mara moja inakula njia ndefu. Ndogo lazima izunguke zaidi ili kuifuata. Ukiingiza gia ya mbele, ile ya kutokea kwenye tope, magurudumu yote manne yamefungwa pamoja. Kwenye tope yanateleza na kusameheana. Kwenye lami hayana pa kuteleza, yanavutana mpaka kitu kikatike.

"Ukikanyaga lami, toa gia ya mbele," alisema. "Ikigoma, piga rivasi kidogo, itaachia."

Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, Landrova hiyo ilimbeba Lusia, dada yake Malimi, kwenda kuolewa Mafinga na Philbert, kijana wa kiwanda cha mbao. Padri alikubali kuwasubiri mpaka saa sita. Baada ya hapo angekwenda vigango vya mbali, na hakuna ndoa tena mpaka Pasaka. Lusia alilijua hilo kuliko wote. Mama yake Philbert hakutaka mkwe kutoka kwa wachunga ng'ombe, na alikuwa anatafuta sababu tu.

Tope la Usangu liliwachelewesha na kuwamezea jeki, lakini walipofika lami muda bado ulitosha. Wanawake waliimba, Malimi akakanyaga mafuta. Kuitoa gia ya mbele alisahau.

Kabla ya Makambako gari likawa zito kama linaburuta nyumba. Usukani ulikakamaa. Malimi alisimama, akauvuta mkono wa gia kwa mikono miwili. Haukutoka. Akasema atarudi nyuma kidogo.

Shangazi Kashindye, dada yake Bartolomeo, ndiye aliyekabidhiwa bibi harusi. Alimshika Malimi bega. Kwake yeye bibi harusi akishatoka kwa baba yake harudi nyuma hata unyayo mmoja, wala hakanyagi chini mpaka kwa mumewe. Akirudi njiani, atarudishwa.

"Ni kidogo tu, shangazi. Kutoka hapa hadi kwenye lile jiwe."

"Mke wako alirudi kwao bila rivasi, Malimi. Huyu unataka kumsaidia kwa gari?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mikono.

"Shangazi, acha nishuke," alisema Lusia. "Gari lirudi, mimi nitapanda tena."

Kashindye alimshushia shela usoni na kumkandamiza kitini. "Bibi harusi hasemi."

Kicheko kilikuwa kimemchoma Malimi. Aliingiza gia ya kwanza, akaupanda mlima uliokuwa mbele kwa hasira. Kitu kilikatika chini ya miguu yao kwa mlio kama wa bunduki. Gari likasimama, oili nyeusi ikachuruzika juu ya lami.

Walikaa hapo muda mrefu kabla lori tupu la mbao halijawachukua. Lusia alihamishwa kwa kubebwa ili asikanyage chini. Shela lake likanasa utomvu wa misonobari.

Mafinga walikuta kanisa limefungwa. Mama yake Philbert alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakuwaka. Alilitazama shela, akamuuliza Kashindye kama kwao bibi harusi husafirishwa pamoja na mbao. Kisha akaagiza wageni wapewe chakula, na lori lililowaleta liwarudishe.

Kashindye alimsihi. Alisema Pasaka si mbali.

"Pasaka njooni kusali," alijibiwa. "Mwanangu hapokei mzigo uliochelewa."

Lusia alimtazama Philbert, akangoja aseme neno. Philbert alikwenda kumwonyesha dereva wa lori mahali pazuri pa kugeuzia.

Uwanja wa kanisa ulikuwa mpana. Kashindye alimwomba dereva asipige rivasi, naye akazunguka taratibu, mara moja, mpaka barabarani. Lusia alirudishwa kwa baba yake akitazama mbele.