Homa ya Seremala na Ng'ombe wa Bi Povu

Mimi ni fundi cherehani, na nimezaa madaktari wawili. Wa kwanza, mwanamume, anatibu watu kwenye zahanati. Kitinda mimba wangu, binti, anatibu mifugo. Majirani wakimtaja kaka husema "daktari"; wakimtaja dada husema "yule wa ng'ombe", kisha wanacheka. Naye hucheka. "Wagonjwa wangu hawadanganyi, mama," huniambia. "Wa kaka wanasema wamemeza dawa, kumbe ziko chini ya godoro."

Mwaka ule ndugu yangu, seremala, alishikwa na homa isiyoeleweka. Leo mzima anapiga randa, kesho yuko kitandani ametota jasho, viungo vinamuuma kama aliyetwangwa. Mwanangu alimpima malaria, hakuna kitu. Homa ya matumbo, hakuna. Alimpa dawa, homa ikatulia kidogo, halafu ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala akaanza kuvaa nguo zinazomning'inia. Mimi ndiye niliyempunguzia suruali, na kila nilipopitisha mkasi moyo uliniuma. Wenye midomo yao wakasema amelogwa na washindani wake wa biashara ya vitanda.

Jumapili moja tulikuwa mezani, ndugu yangu akichezea chakula tu.

"Mjomba ananishinda," mwanangu alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. Si mtu wa kukiri kushindwa, yule.

Binti akaacha kula. "Mjomba, maziwa unanunua kwa nani?"

"Kwa jirani yangu, Bi Povu. Nakunywa palepale zizini, yangali na joto la ng'ombe. Ukiyachemsha umeyaua."

"Na ng'ombe wake hawajambo?"

"Hawajambo, ila mmoja alitupa mimba. Tena mimi ndiye niliyesaidia kumvuta yule ndama mfu, kwa mikono hii."

Wanangu wakatazamana. Nimewalea, nawajua, wakitazamana hivyo, jambo limeshaiva.

"Kaka, unafikiria ninachofikiria?"

"Kesho namtoa damu."

"Na mimi naenda zizini."

Bi Povu ni mteja wangu, na ukali wake naujua, kwa hiyo nilifuatana na binti. Tulimkuta akisugua ndoo mpaka zinang'aa. Aliposikia habari ya vipimo alisimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Ng'ombe wangu ni wachafu? Wanalala pasafi kuliko watu wengine ninaowajua!"

"Pasafi kweli, mama," binti akamjibu. "Ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Ng'ombe anaupata, anatupa mimba, kisha unapita kwenye maziwa mabichi na kwenye uchafu wa uzazi mpaka kwa mtu. Wewe mwenyewe, mgongo haukuumi? Usiku hutoki jasho?"

Bi Povu akaishusha mikono taratibu kutoka kiunoni. "Nilidhani ni uzee," akasema, na akatupisha.

Binti akavaa glavu na mabuti, akaingia. Nilikuwa sijawahi kumwona kazini. Ng'ombe mkubwa, mwenye pembe, alimgeukia. Akamsemesha kama mtu, akampapasa shingo, sindano ikaingia na kutoka bila purukushani. Nilijikuta nimesimama wima, kanga nimeishika kifuani.

Majibu ya zizini na ya zahanati yalisema lugha moja: ni ugonjwa uleule. Ndugu yangu na Bi Povu wakaanzishiwa dawa za wiki nyingi, mwanangu akiwasimamia kila kidonge. Ng'ombe wawili walioambukizwa ikabidi waondolewe zizini. Bi Povu aliwalilia kama ndugu. Lakini alipojifuta machozi alifanya jambo ambalo wengi wasingeweza: alisimama mbele ya wateja wake asubuhi, akapaza sauti.

"Maziwa yangu yalikuwa na ugonjwa, na mimi nimeugua nayo! Kuanzia leo nayachemsha mwenyewe mbele yenu. Asiyetaka yaliyochemshwa, aende akanyonye!"

Wateja wakacheka, na hakuna aliyeondoka.

Ndugu yangu alirudi kwenye karakana yake, nami nikamtanulia suruali kwa furaha. Zahanati nayo ikabadilika. Mgonjwa akija na homa sugu, mwanangu humuuliza kwanza, "Nyumbani mnafuga?" Akisikia ndiyo, humpigia dada yake simu. Wagonjwa wengine waliogunduliwa kwa njia hiyo walikuwa wameshakata tamaa.

Baadaye wanangu waliitwa kwenye mkutano wa wauguzi na mabwana mifugo, wakasimama jukwaani bega kwa bega, mmoja akianza sentensi, mwenzake akiimalizia. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa gauni nililojishonea kwa ajili ya siku hiyo.

Bibi mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Vijana hawa wanajua kazi. Unawafahamu?"

"Sogea karibu," nikamwambia, "nikueleze tangu walipozaliwa."