Saa za Mama Mdogo

Mama mdogo ndiye aliyenisomesha baada ya mama kufariki, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kusahihisha miswada katika ofisi yetu ya vitabu vya shule. Nilikuwa msimamizi. Kila mmoja wetu aliandika kazi zake kwenye faili la maandishi ya kawaida katika kompyuta, mstari kwa mstari, pamoja na saa ya kuanza na ya kumaliza. Ijumaa asubuhi programu ya ripoti niliyoitengeneza mwenyewe ilijumlisha saa hizo katika jedwali, nami nikawasomea wenzangu.

Ijumaa moja jedwali lilionyesha kuwa mama mdogo alikuwa amefanya kazi saa mbili na dakika kumi. Wiki nzima.

Ningeweza kumwita pembeni. Lakini niliogopa wasije wakasema nambeba ndugu yangu, nikaisoma kwa sauti kama za wengine.

"Masaa mawili?" mkurugenzi akashangaa. "Sasa mama, siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasahihisha kitabu cha sayansi. Chote."

"Labda ulisahihisha ndotoni," akadakia mpanga kurasa, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Nami nikacheka.

Mama mdogo alivua miwani, akaikunja, akaitazama meza. Mkurugenzi akaamua kitabu kinachofuata apewe mtu mwingine.

Jumatatu mpanga kurasa akanijia mbio. "Bosi, ripoti yako imeimeza Alhamisi yangu nzima!"

Nikafungua faili lake. Kwanza nilidhani alianza kazi akasahau kuandika alipomaliza. Wapi. Nikakagua tarehe, zote sawa. Ndipo nikaona kuwa Alhamisi ile aliigawa kazi yake vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na nyota tatu mbele yake. Nyota moja kwetu ni kazi kubwa, mbili ni kazi iliyo ndani yake, na kuendelea hivyo. Ripoti nilikuwa nimeiambia isome mwisho nyota mbili, ili jedwali liwe fupi, lipendeze. Yaliyo chini ya hapo iliyaruka.

Nikafungua faili la mama mdogo. Alikuwa amepanga kazi kama anavyopanga kabati lake la nguo: kitabu, sura, ukurasa, zoezi. Nyota nne. Kwenye agizo la ripoti nikafuta mbili, nikaandika sita, nikaiendesha ripoti upya. Saa arobaini na tatu. Zangu mwenyewe zilikuwa thelathini na moja.

Nikamwendea mkurugenzi. "Ile programu ya ripoti ilikuwa na hitilafu," nikamwambia.

"Aa, mashine hizi!" akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikatoka pale nimejiosha kwa maneno, na moyoni nimechafuka kuliko nilivyoingia.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa mama mdogo. Alikuwa jikoni, anashona kifungo cha shati. Nikamweleza yote: nyota, ripoti, hata uongo niliomwambia mkurugenzi.

"Mashine hainijui," akasema. "Hiyo sikuilaumu." Akakata uzi kwa meno. "Lakini wewe ulicheka, mwanangu."

Uso umeumbwa na haya. Wangu uliwaka hadi masikioni, nikakosa pa kuutia. Nikasema nisamehe, mama, na sauti ikatoka kama ya mtoto aliyevunja chombo cha watu.

"Mlinicheka mbele ya watu," akajibu. "Wewe unaniomba radhi jikoni."

Ijumaa iliyofuata nilisimama kabla ya kusoma chochote. "Programu haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekosea, kisha nikamficha mkurugenzi ukweli. Na nilimcheka mtu aliyefanya kazi kutushinda sote." Mpanga kurasa akainamisha kichwa. Mkurugenzi akamrudishia mama mdogo kile kitabu alichokuwa amempa mtu mwingine. Mama mdogo akaniambia asante, kwa adabu, kama anayemshukuru mgeni.

Ni miezi mitano sasa. Namtembelea, ananipokea, tunazungumza vizuri. Ila kila Ijumaa, kabla sijasoma jedwali, huja mezani kwangu akaomba alione kwanza kwa macho yake. Nampisha kiti. Nasimama pembeni, mikono nyuma, hadi amalize.