Sikio la Kuazima

Fundi viatu alipopewa hospitalini mashine zake mbili za kusikia, alirudi nyumbani akafanya kama anavyofanya na kila kitu tangu aoe: akagawa pasu kwa pasu. Ya kulia akabaki nayo. Ya kushoto akamvalisha mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haupumziki ila akiwa ameuma uzi.

Sikio la kulia la Chiriku lilikufa kwa surua angali mtoto. La kushoto ndilo pekee lililobaki likihema, nalo kwa taabu. Miaka mingi mume na mke walishona bega kwa bega kibandani, kimya kama wagomvi, maana umbeya haupigiwi kelele. Sasa umbeya ulirudi nyumbani.

"Yule mwenye viatu vyekundu," Fundi alinong'ona, "kisigino cha kulia kimekwisha, cha kushoto kizima. Kuna mtu anamwegemea."

"Na si mumewe," Chiriku akasema. "Mumewe hamfiki begani."

Walicheka mpaka gundi ikakaukia kwenye brashi.

Tatizo ni kile kipande kigumu kinachoingia sikioni. Kilifinyangwa kwa umbo la sikio la Fundi, na Fundi ana masikio kama mapango. Kwa Chiriku kilibana, kikapiga mluzi, na alipokivua ngozi ilikuwa imechubuka.

"Kinaniuma, baba."

"Kiatu kipya hicho, Bibie. Kitazoea mguu."

Aliamini. Ndivyo walivyowaambia wateja maisha yao yote, na wenye malengelenge hawakurudi kubisha. Kipande kilipokataa kuzoea, Fundi alikichonga kwa kisu chake cha soli, akakipiga msasa, na pale palipobaki na makali akabandika kiraka cha ngozi laini kwa gundi ya viatu. Akakipuliza.

"Sasa kina bitana," akasema kwa majivuno.

Chini ya bitana ile, sikio likaanza kulowa.

Kwanza yalikuwa maji tu. Kisha usaha ukatia doa kwenye mto wa kulalia; Chiriku akaugeuza mto. Kisha harufu. Nzi waliokuwa wakitua kwenye gundi wakaiacha gundi.

"Hawa wananichumbia," akasema huku akiwapunga.

Fundi alicheka kidogo tu, halafu akamtazama kwa muda.

Binti yao alipokuja kuwasalimu, aliinama kumkumbatia mama yake, akarudisha uso nyuma.

"Mama, kinanuka nini?"

"Ngozi. Umekulia humu leo ndio unauliza?"

"Hebu vua hiyo mashine nione."

"Nikivua sitasikia unavyoniamrisha, mwanangu, utachoka bure."

Akaivuta kanga mpaka ikafunika shavu. Alijua vizuri sana: binti akiona, ni hospitali, na hospitali wakiona, mashine itarudi kwa mwenyewe. Foleni ya kupata yake ilikuwa ndefu kuliko umri uliobaki. Angerudi kibandani kutazama mdomo wa mumewe ukifunguka na kufungika kama wa samaki. Basi Chiriku, ambaye hajawahi kutunza siri ya mtu, akaitunza hii.

Nyuma ya sikio mfupa ukavimba. Sikio lenyewe likasogea mbele, kama mlango ambao mtu aliye nyuma yake anausukuma taratibu.

Halafu asubuhi moja maumivu yakakoma. Yakakoma kabisa, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Chiriku aliamka akiimba. Akaketi, akanywa chai, na chai ikamtoka pembeni ya mdomo, ikateremka kidevuni bila yeye kuihisi. Akacheka uzee wake.

Fundi aliweka kikombe chini.

"Cheka tena."

"Umekuwa mtoto?"

"Cheka tena, mke wangu."

Akacheka. Nusu ya uso ilicheka. Nusu nyingine ilikaa inamtazama tu.

Hospitalini, daktari alivuta kile kipande kwa koleo ndogo. Kilitoka, bitana ikabaki ndani. Alipoitoa aliiinua juu kwenye mwanga akauliza kitu, na Fundi akanyoosha mkono kama mwanafunzi mtoro. Waliongea. Chiriku, bila mashine, aliona midomo tu, na kidole cha daktari kikigusa mfupa, kisha kikapanda hadi kichwani.

Fundi akamwinamia, mdomo juu ya kidonda.

"Usaha umeingia mfupani! Unaelekea kwenye ubongo! Wanapasua sasa hivi, watakuokoa!"

"Na sikio?"

Fundi akafuta pua.

"Baba. Na sikio?"

"Sikio hapana."

Wakampandisha kwenye kitanda cha magurudumu. Alimshika mumewe ukosi wa shati.

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hata nitukane."

Fundi akatembea kando ya kitanda, ameinama, akipayuka korido nzima habari za fundi saa wa kibanda cha pili: jinsi mkewe alivyofungua sanduku lake akakuta gauni, tena la mtu mnene. Wagonjwa kwenye mabenchi waligeuka. Muuguzi aliuma mdomo asicheke. Chiriku alidaka neno moja, akakosa mawili, akadaka jingine.

Kwenye mlango muuguzi alimwekea Fundi mkono kifuani.

"Halafu?" Chiriku aliinua kichwa. "Halafu mkewe akasemaje?"

Midomo ya Fundi ilikuwa ikimjibu, haraka haraka, mlango ulipokuwa unajifunga.