Nyuki wa Kwenye Gari la Baba

Mpaka leo nikiona waya wa buluu, damu hunichemka. Nyumbani wananiambia nisahau, eti yaliyopita si ndwele. Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe uliyekaa kwenye kiti chako mwenyewe, chai mkononi, ukawasikia watoto uliowasomesha wakijadiliana kama akili zako bado zipo.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa udereva. Watu wengi wa mji huu waliopata leseni kwa haki waliipata kwenye gari lake, sedani ya rangi ya krimu iliyonizidi umri, yenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Alipostaafu alilinunua kutoka shuleni akaendelea kulitunza kama mboni ya jicho. Masikio yalipoanza kumgomea akapata kifaa cha kusikia, nacho cha kizamani, kimekaa nyuma ya sikio kama harage. "Mimi, gari na kifaa," alikuwa akisema, "tumezeeka wote watatu, lakini bado tunawaka."

Kaka yetu mkubwa tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu kwake hakuna jambo linalokwisha bila kikao. Paka akizaa, kikao. Gari lilipoanza kukohoa na kukosa nguvu mlimani, fundi alifungua boneti akatuonyesha nyaya za plagi, zile zinazopeleka umeme kwenye kila plagi ili mafuta yawake. Maganda yake yalikuwa yamekauka na kupasuka kama kisigino. Mwenyekiti akasema tumwachie yeye, anajua pa kupata vitu kwa bei nafuu. Akarudi na seti ya buluu inayong'aa, nene kama vidole, ndani shaba tupu.

"Za magari ya mashindano hizi," alitamba, "na kwa bei ya bure."

Zikafungwa. Gari likawaka kwa nguvu kweli, nisimnyime haki yake. Mwenyekiti akaipiga picha injini, akawatumia rafiki zake.

Wiki hiyohiyo Baba akaanza kusikia nyuki.

"Wamo humu garini," aliniambia. Tuliinua viti, tukafagia, tukapuliza dawa. Hatukukuta hata mbu. Kesho yake akawasikia tena. Siku moja, karibu na mzunguko wa barabara mbele ya soko, walimzidi. Akaegesha kando, akafungua milango yote minne, akatoa ufagio na kuanza kupiga chini ya viti, mzee mzima na tai yake. Watu wakajaa. Wengine aliwafundisha gia ya kwanza yeye mwenyewe, nao wakacheka na kumrekodi kwa simu. Video ikamfikia Mwenyekiti kabla Baba hajafika nyumbani.

Basi kikao kikaitishwa. Mwenyekiti alikaa kichwani mwa meza na sauti yake ya msibani.

"Tukubali ukweli. Mzee anachanganyikiwa. Leo nyuki, kesho atamgonga mtoto wa mtu. Nimeshapata mnunuzi wa gari, anakuja Jumamosi."

Wifi yangu, mkewe, akaitikia kwa kichwa. Shangazi, dada yake Baba, akaanza kulia. Shangazi yetu huanza kulia kabla hajauliza msiba uko wapi.

"Baba yuko hapa," nilisema. "Si mumuulize yeye?"

"Hawezi kujua hali yake," akajibu Mwenyekiti. "Ndiyo dalili yenyewe hiyo."

Nilihisi nimemezeshwa kaa la moto. "Kaka, hebu iangalie hiyo video tena. Kabla hajashika ufagio, Baba aliwasha taa za tahadhari, akatoa pembetatu ya onyo, akaenda kuiweka kule nyuma kama alivyotufundisha. Mwendawazimu gani anaanza na pembetatu?"

"Mazoea tu hayo," alisema wifi.

Baba akaweka kikombe mezani. "Chai haijapoa," alisema, "nanyi mmeshanizika." Akainuka akaenda chumbani kwake. Hakuna aliyemfuata isipokuwa mimi.

Asubuhi nilimwomba tukakae garini, yeye na mimi. Nikamuuliza, "Baba, hao nyuki wakoje?" Katika kikao kizima hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Nikiwasha gari wanaamka," alisema. "Nikikanyaga mafuta wanapandwa na hasira. Nikizima, kimya. Nikikivua hiki kifaa wananyamaza vilevile, lakini hapo sisikii honi, na dereva asiyesikia honi ni hatari barabarani."

Nyuki gani hao wanaotii pedali? Redio ya gari ilikufa zamani, kwa hiyo nilikwenda kuchukua kile kiredio changu cha jikoni, nikakipakata, nikawasha gari. Mtangazaji akamezwa na mvumo. Nikakanyaga mafuta, mvumo ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Nilipozima gari, mtangazaji akarudi, yuko katikati ya habari za hali ya hewa. Baba alikuwa akinitazama usoni.

"Na wewe umewasikia?" aliuliza.

"Mimi na redio, Baba."

Akageukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya tai. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika Mama.

Nilikwenda moja kwa moja gereji. Katika gari lile kitu kipya kilikuwa kimoja tu, na fundi alinielewa kabla sijamaliza. "Dada, si nilimwambia kaka yako?" alisema. "Zile za shaba tupu zinamwaga kelele za umeme hewani. Nilimwambia achukue zile nyeusi za kawaida, zenye kaboni ndani, zimetulia. Akasema nyeusi zinaonekana za kimaskini. Halafu akasema redio ya gari yenyewe mbovu, sasa hizo kelele atazisikia nani?"

Atazisikia nani! Kifaa cha Baba kilizinasa kama kiredio changu, na kumbe Kaka alionywa. Alionywa na akaenda kukaa kichwani mwa meza, akamhukumu mzee wa watu.

Kwenye duka la spea muuzaji alinipima kwa macho, akaniletea seti nyekundu ndani ya boksi la kumetameta.

"Dada, hizi ndiyo kiboko yao."

"Ndani zina nini?"

"Ndani zina ubora."

"Nakuuliza waya, wewe unanipa tangazo."

Akaleta za buluu, ndugu wa zile za Mwenyekiti. "Hizi zinatoka sana." Nikazisukuma kama zimeniuma. Mwishowe, kwenye rafu ya chini, nikaziona nyeusi zenye vumbi, za pikapu ndogo ndogo za mizigo. Seti ya gari letu haitengenezwi tena, lakini Baba hatupi kitu, na nyaya zake za zamani nilikuwa nazo kwenye mfuko. Nilizilaza kwenye kaunta, nikalinganisha moja moja na za pikapu, urefu na vichwa. Zote zilifika, na mmoja ulibaki na ziada ya kiganja.

"Kaboni?"

"Kaboni, dada. Ila hizi ni za bei ya chini, hutaki kitu kizuri?"

Bei yake ilikuwa chini hata ya zile za buluu. Nilisimama pale natafuta mtu wa kumpiga. Baba yangu amepakaziwa ukichaa kwa ajili ya nafuu, na nafuu yenyewe haikuwepo!

Jumamosi mnunuzi alifika, akazunguka gari akiyapiga matairi teke. Baba alikuwa ameketi kimya kwenye kiti cha mwalimu. Nilimwomba Mwenyekiti ufunguo, akasita, nikauchukua mkononi mwake. Nikawasha gari na kile kiredio changu. Mvumo ukajaa uani. Nikakanyaga mafuta mpaka Shangazi akaziba masikio.

"Haya!" nikasema. "Na redio nayo imechanganyikiwa? Iitieni kikao!"

Fundi, niliyekuwa nimemwita, akang'oa zile za buluu, akavisha nyeusi kila moja mahali pake. Nikawasha tena. Mtangazaji alisikika safi kama yuko kiti cha nyuma. Nikakanyaga mafuta. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu.

"Wamehama," alisema.

Mnunuzi akauliza kama gari bado linauzwa. "Kauze la kwenu!" Shangazi akamjibu, machozi yamekauka.

Mwenyekiti akasogea dirishani. "Baba, unajua mimi nilikuwa natafuta tu unafuu..."

"Ingia uendeshe," alisema Baba.

Nikampisha, nikahamia nyuma. Njia nzima kaka alijieleza. Alilaumu bidhaa za siku hizi, akamlaumu fundi kwa kutomsisitizia, akalaumu hata waliorekodi video. Mimi nilimwona Baba akiinua mkono kana kwamba anajikuna sikio, akakivua kifaa, akakitia kwenye mfuko wa shati. Akabaki ametazama barabara kama yuko na mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Tulipokaribia soko, maneno yalimwishia Mwenyekiti. "Nisamehe, Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuvunjia heshima mbele ya watu."

Baba hakugeuka.

"Hajakusikia, Kaka," nilimwambia. "Kifaa kiko mfukoni tangu tulipotoka nyumbani."

Kabla hajajibu, Baba alimwonyesha kando ya barabara kwa kidole, akakanyaga breki ya mwalimu. Tukasimama palepale walipomcheka.

"Taa za tahadhari," alisema. "Pembetatu iko kwenye buti."

Mwenyekiti akashuka. Akaipeleka kule nyuma inapotakiwa kuwekwa, watu wa sokoni wakaanza kusogea na simu zao. Akarudi, akainama kwenye dirisha la Baba, mishipa ya shingo imemtoka.

"Baba, nilikosea!" alipiga kelele. "Akili zako ni timamu! Nisamehe!"

Baba akatoa kifaa mfukoni, akakipuliza vumbi, akakivaa na kukirekebisha bila haraka.

"Umesemaje?" aliuliza.