Kiti Kisichokaliwa

Mdogo wangu wa kiume tulimpachika jina la Makumbusho, na yeye badala ya kukasirika akafurahi. Hapo ndipo tulipopaswa kujua kwamba ugonjwa umeshakomaa.

Alianza na saa ya ukutani isiyosema saa. Likaja kabati lisilofunga, kioo kisichoonyesha sura, na sanduku lililoliwa na mchwa upande mmoja, ambao kwa maelezo yake ndio upande wenye thamani. Zikafuata picha za kuchora za watu wasiojulikana, wote wamenuna kama wanaosubiri kuhojiwa. Kila kitu akakiwekea kadi ndogo yenye maelezo, na kukishika ilibidi uvae glavu nyeupe za pamba. Mkewe alivumilia mpaka siku alipokatazwa kukaa kwenye kiti cha mwisho kilichokuwa kinakalika. Akarudi kwao, ambako wana makochi.

Ukimuuliza hivi vitu vina kazi gani, alikutazama kwa huruma.

"Dada, ya kale hayanuki."

"Hayanuki, lakini yanaziba mlango. Nipitie wapi?"

Nyumba yenyewe si yake, ni ya mama yetu. Mama anakaa chini, ana chumba chake na choo chake pembeni. Makumbusho anakaa ghorofani. Lakini vitu vya kale vina tabia ya maji, vinashuka. Vilijaza juu, vikamiminika sebuleni, na huko sebuleni ndiko Mama alikojikwaa kwenye meza yenye miguu ya simba, akaanguka, akavunjika nyonga. Makumbusho aliponipigia simu kunipa habari, alianza kwa kunihakikishia kwamba meza haikupata hata mkwaruzo.

Mama alilazwa muda mrefu. Alipokaribia kutoka, daktari alisema neno moja tu la maana: ngazi hapana. Mimi naishi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mama angerudi chumbani kwake. Nilimwambia Makumbusho afagie, afungue madirisha, basi. Kazi ambayo hata mtoto wangu wa darasa la tatu angeimaliza kabla ya chai.

Asubuhi ya siku ya kumtoa nikaenda na mashuka safi. Kitanda cha Mama nikakikuta uani, kimefunguliwa vipandevipande, kimeegemezwa ukutani. Chumbani palikuwa na makabati mawili, sanamu ya farasi asiye na sikio, na katikati, juu ya jukwaa la mbao, kiti kimoja kikubwa cha mikono, cha mbao nyeusi, kina mto wa mahameli mwekundu na kimezungushiwa kamba. Kando yake, juu ya meza ndogo, bakuli kubwa la kaure lenye maua ya buluu na mkono mmoja ubavuni. Vilinunuliwa pamoja, kwa muuza vitu chakavu yuleyule. Kadi ya kiti ilisema: Kiti cha Enzi. Ya bakuli ilisema: Bakuli la Karamu. Ndani yake palikuwa na karanga.

Nikafungua mlango wa choo cha Mama. Picha, kutoka sakafuni hadi dirishani.

"Huko hakuna jua," Makumbusho akaeleza. "Rangi hazipauki."

"Mama anatoka leo."

"Najua, dada. Lakini na wanachama wanakuja leo." Alimaanisha chama chao cha wapenda vitu vya kale. "Wanachagua nyumba ya kufanyia maonyesho ya mwaka. Ni kati yangu na jamaa mmoja mwenye masufuria. Mama atakaa juu."

"Daktari kasema ngazi hapana."

"Tutambeba."

"Na akitaka kushuka?"

Akafikiri kidogo. "Atashuka kufanya nini?"

Kuna maswali ambayo ukiyajibu mkono wako unaishia shavuni mwa mtu. Nilimwambia tu nikirudi na Mama nikute kitanda mahali pake, nikaondoka.

Niliporudi nikawakuta wanachama chumbani, watu sita au saba wenye glavu nyeupe, wanatembea kwa kunyata kama wezi waliosoma. Mbele yao mwenyekiti wao, mzee mstaafu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa akichota karanga kwenye bakuli na kusifu.

"Mnaona urefu wa kiti? Mtawala hakai chini kama sisi. Na tazameni upana wa bakuli hili. Watu wa zamani walikula pamoja, bwana."

"Na chini ya mto kuna kifuniko," Makumbusho akasema, jasho la furaha linamtoka. "Nadhani walificha hazina. Sijathubutu kukifungua sana, bawaba ni za zamani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu yake ya chuma ya kutembelea, anahema. Kutoka kwenye teksi mpaka pale kulimmaliza. Hakuna aliyemsalimu. Mtu mmoja alimkwepa ili apige picha farasi.

"Binti yangu," akaninong'oneza, "nipeleke msalani. Upesi."

Nikamtazama Makumbusho. Makumbusho akautazama mlango wa choo, akatazama sakafu.

"Kuna kile cha juu," akasema.

"Kifuate wewe," nikamwambia.

Mama alikuwa amekazia macho kile kiti. Kisha akaanza kwenda, fremu mbele, mguu nyuma, mpaka kwenye jukwaa.

"Mama, jamani, usikiguse! Kina umri mkubwa kuliko wewe!"

"Shikamoo yake," Mama akasema, akaishika kamba na kuiangusha chini. Akauondoa mto. Akainua kifuniko, na bawaba hazikulalamika hata kidogo.

Wanachama wakasogea kuona hazina. Mwenyekiti akavaa miwani.

Palikuwa na tundu. Duara, limelainishwa vizuri ukingoni, la ukubwa ambao kila mtu mzima anaufahamu.

"Wiki zote hizi nimekalia cha plastiki wodini," Mama akasema. "Mikono hivi hivi, urefu hivi hivi, ili mtu wa nyonga asichuchumae. Chini wanaweka ndoo." Akageuza shingo polepole, akaliangalia bakuli la kaure na mkono wake mmoja. "Nipe hicho."

Nikamimina karanga kwenye meza. Nikaliingiza bakuli chini ya tundu. Lilikaa pale kama mtoto mgongoni kwa mama yake, halikubaki pengo hata la kidole.

Mwenyekiti aliacha kutafuna. Shavu lake moja lilikuwa bado limejaa, na macho yake yalizunguka yakitafuta dirisha.

"Mama," Makumbusho akasema kwa sauti ya kulia, "huenda ni bahati tu vimelingana..."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kukaa chooni," Mama akamkata. "Kiti cha choo nakijua. Wewe ndiye uliyesahau. Haya, tokeni, nina shida."

Tukawatoa. Nikamsaidia Mama kukaa, nikatoka na kufunga mlango. Huko nje watu wazima wenye elimu zao walisimama kwenye korido wakitazama viatu. Baada ya muda sauti ya Mama ikapenya mbaoni, imetulia kabisa.

"Kinafaa. Hakitingishiki kama cha hospitali."

Mwenyekiti akakumbuka ana mgeni nyumbani. Nikamzuia mlangoni.

"Mzee wangu, glavu si mmeshavaa? Basi Mama akimaliza, yale makabati mawili yatoke. Na kitanda kiko uani."

Wakabeba. Sijui ni aibu au ni yale macho yangu, lakini walibeba, farasi naye akaenda uani kungoja mvua. Walizitoa hata picha chooni, moja baada ya nyingine, kama msafara wa msiba. Kabla giza halijaingia Mama alikuwa kitandani mwake, mashuka yamenyooka.

Maonyesho aliyapata yule wa masufuria. Kiti kimebaki kando ya kitanda, kwa sababu usiku choo ni mbali kwa mtu wa fremu, na Mama amesema hakiondoki mpaka atakapotembea bila kushikwa. Makumbusho alinipigia simu kuniomba nimbembeleze Mama atumie beseni la plastiki, ili bakuli lihifadhiwe.

"Ya kale hayanuki," nikamjibu. "Ni kazi yako kuhakikisha."

Kila asubuhi analimwaga na kuliosha yeye. Siku ya kwanza alijaribu na zile glavu nyeupe. Jumamosi nilipokuja kubadilisha mashuka nikamletea za mpira.