Jino Lisilorushwa Batini

Domitille aliporudi Songo kutoka matangani kwa mama yake, kule Lubarika, alimkuta bintiye Spès na pengo. Mtoto wa miaka mitano, jamani! Tena si jino la mbele. Lilikuwa gego la chini, ambalo watoto hulitoa wakikaribia miaka kumi.

"Alianguka kwenye mawe ya ziwa," alisema Agathe, dada wa mumewe, aliyebaki na mtoto. "Jino tulirusha juu ya bati, kama kawaida. Pole, wifi."

Domitille akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru, na kitenge akampa! Agathe ndiye aliyekaa naye siku tatu za uchungu alipomzaa Spès. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Wiki ilipopita akampeleka mtoto dispansari kwa Marcellin, aliyefundishwa kazi ya meno na daktari Mbelgiji kabla ya uhuru.

"Gego likitoka mapema, meno ya jirani yanaegemea pengo, na jino la ukubwani linakosa mlango," alieleza Marcellin. "Miye naweza kufunga kawaya ka kushika nafasi. Lakini waasi wanashuka kutoka milimani. Jumamosi navuka kwenda Burundi, na sijui kama nitarudi. Ukitaka, uje kesho."

Nyumbani mumewe Basile alikataa katakata.

"Chuma mu kinywa ya mtoto? Acha hiyo maneno, Mama Spès."

Domitille alishangaa. Basile alikuwa mwalimu, yule yule aliyewakemea wazazi waliowaficha watoto wasichanjwe. Lakini usiku ulipopita aliamua mwenyewe: mtoto wake hataharibika kinywa kwa sababu ya woga wa watu. Ijumaa akaenda bila kuaga.

Safari hii Marcellin aliubonyeza ufizi.

"Mama, mtoto akianguka, ufizi haupasuki hivi. Hapa palichokonolewa na chuma."

"Babu wa dawa wa kule Sange," alisema Spès. "Jino langu alibaki nalo. Mama, si nilikuambia bati halikulia? Sasa lingine litaota?"

Loo! Wiki nzima mtoto alikuwa akiuliza swali hilo hilo, na Domitille akijibu "litaota, litaota" huku akisonga ugali. Jino likirushwa juu ya bati, ili lingine liote, husikika, kila mtoto wa Songo anajua, na huyu wake hakusikia kitu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

"Sikiliza," alisema Marcellin. "Jino la ukubwani hulala katikati ya mizizi ya gego. Mkono mbaya huyang'oa yote mawili. Kama limebaki, waya utalitunzia nafasi. Kama limetoka, nitamtesa mtoto bure. Mashine ya picha sina. Anayejua ni aliyeona. Nakungoja mpaka saa kumi."

Domitille alimbeba Spès mgongoni, akaenda mbio nyumbani. Agathe alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Basile alikuwa ndani, anasahihisha daftari za wanafunzi.

"Wifi, yule mganga wa Sange alitoa jino moja ao mbili?"

"Mganga gani? Mtoto alianguka."

"Weye Agathe! Moja ao mbili?"

"Alianguka, naapa kwa Bikira Maria."

Domitille akapiga magoti katika mapumba ya mchele. Hasira zilikuwa za kungoja.

"Sitakugombeza. Sitakuuliza kwa nini. Nipe hesabu ya meno tu, wifi yangu, nimjibu Marcellin."

Agathe hakumtazama. Alitazama ndani, kwa kaka yake.

Basile akaweka kalamu chini.

"Mbili," alisema. "Ya pili ilikuwa ndogo, nyeupe, haina mizizi. Mtoto alikuwa na homa, dada akasema jino iko na mdudu. Miye mwenyewe njo nilimushika kichwa."

Mwalimu wa watu, baba wa mtoto, alikuwa amemwacha Domitille aombe magotini kitu alichokijua yeye! Na jana, alipokataa chuma, hakuogopa chuma chochote. Aliogopa Marcellin asije akaona.

Domitille akasimama, akajipangusa mapumba, akashika tena njia ya dispansari kumwambia Marcellin kwamba waya hauna kazi. Spès alimwinamia sikioni.

"Mama, lingine litaota?"

"Halitaota, mwanangu," alisema Domitille. "Lazima mtu mmoja wa nyumba ile akuambie ukweli."